Kabla Hujalinganisha Vyuo, Lifungue Faili Lako: Nilivyosoma Masta ya Utawala wa Umma Nikiwa Kigoma

Jumanne iliyopita nilikuwa nasubiri bodaboda pale Mwanga, mkononi nimeshika mfuko wa migebuka, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa kijana mmoja, mtendaji wa kata huko wilaya ya Kakonko. Hatujawahi kuonana. "Shikamoo dada," aliandika. "Nafuatilia maandiko yako tangu mwaka jana. Nataka kusoma masta ya utawala wa umma kwa mtandao, kazi nisiache. Nimepata vyuo vitatu, viwili vya nje na kimoja cha hapa nyumbani. Naomba unisaidie kulinganisha. Kipi ni bora?" Chini yake ameweka picha ya jedwali alilolichora kwa kalamu na rula kwenye karatasi ya daftari: jina la chuo, ada, muda wa masomo, sifa za kujiunga.

Boda alifika, nikamwambia atangulie. Nilisimama pale pale nikaitazama picha ile mara tatu, maana jedwali lile ninalijua. Mwaka 2014 nilichora la kwangu, na safu zilikuwa hizo hizo nne. Safu ya tano sikuiweka. Hiyo ndiyo iliyonigharimu karibu milioni nne, pamoja na usingizi wa miaka mitatu.

Kijana nilimjibu kwa kifupi siku ile ile. Lakini najua mko wengi wenye daftari kama lake, Kasulu, Kibondo, Uvinza, mpaka kwa jirani zetu wa Urambo na Kaliua. Tuko kazini, tuna shahada moja, tunaona wenzetu wanakuja kutoka Dar na Dodoma na shahada mbili, wanakaa mbele yetu. Kila mmoja wetu anataka kupanda, na hakuna dhambi katika kutaka kupanda. Kwa hiyo jibu refu naliweka hapa.

Mwaka huo wa 2014 nilikuwa afisa maendeleo ya jamii katika halmashauri mojawapo ya mkoa wetu. Shahada yangu ya kwanza ilikuwa na GPA ya 3.1, daraja la pili la chini. Siku moja kwenye kikao nilitoa hoja kuhusu vikundi vya akina mama wanaokamua mawese. Nilikuwa nimeishi na vikundi vile, nilijua nani anarejesha mkopo na nani harejeshi na kwa nini. Mkuu wa idara moja akanikatiza, akasema hoja za kitaalamu waachiwe wataalamu. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa. Nilikaa chini. Miaka imepita, mtu yule alishahama, lakini sauti yake bado ninayo masikioni. Nasema ukweli, sijaisamehe vizuri.

Usiku ule ule niliingia mtandaoni kutafuta masta. Nikakutana na "chuo" kilichojitambulisha kuwa cha Marekani. Masta ya utawala wa umma kwa miezi minane. Hakuna mtihani. Uzoefu wako wa kazi unahesabiwa kama masomo. Ada dola 2,400, unalipa kwa awamu tatu. Nilipojaza namba yangu ya simu, kesho yake akanipigia mtu mwenye sauti ya upole, akaniita kwa jina langu, akasema wasifu wangu umewavutia na nimepewa punguzo ambalo mwisho wake ni Ijumaa. Alinipigia kila jioni kwa wiki moja. Hakuna mtu ofisini kwangu aliyewahi kuniambia kwamba wasifu wangu unavutia. Mtu mwenye kiu hasumbuliwi na rangi ya maji.

Nilikopa SACCOS. Mkopo wa benki usingewezekana, maana makato niliyokuwa nayo tayari yaliufikisha mshahara kwenye ile theluthi ambayo mtumishi lazima abakiwe nayo. Nikalipa awamu zote tatu. Masomo yenyewe yalikuwa insha moja ya kurasa nne kuhusu kazi ninayoifanya. Hakukuwa na mhadhiri, hakukuwa na kitabu, na maoni juu ya insha hayakurudi. Cheti kilifika kikiwa na muhuri wa dhahabu uliochomoza ukiupapasa. Nilikipeleka Kasulu kwa mama. Mama hajui kusoma Kiingereza, alikiwekea kiganja juu akaomba kwa Kiha, akalia. Hapo ndipo penye maumivu yangu makubwa, hata kuliko zile fedha.

Nikakipeleka masijala ili kiingizwe kwenye faili langu. Pale palikuwa na mama mmoja wa makamo, kazi ya kumbukumbu ameifanya tangu enzi za mashine za chapa. Alikishika cheti, akakigeuza nyuma, akakirudisha mezani.

"Mwanangu, barua ya TCU iko wapi?"

Nikamwambia cheti hiki ni cha Marekani, TCU ni ya vyuo vya hapa.

"TCU ndiyo inayotuambia cha Marekani ni cha Marekani. Bila barua sikiweki kwenye faili. Nikikiweka leo nitakuwa nimekufunga kamba mimi mwenyewe."

Nilitoka pale nimekasirika. Nilimwona mama mwenye wivu. Nilifunga safari mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli ya kati, kwenda Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo hiyo TCU, kupata hiyo barua ili nirudi nimwonyeshe. Sikupata barua. Nilipata maelezo ambayo ningeyajua mapema ningekuwa mtu mwingine: tuzo ya nje hutambuliwa ikiwa chuo kilichoitoa kina ithibati, yaani uthibitisho wa ubora, kutoka kwenye mamlaka halali ya nchi yake. Mamlaka iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo changu haikutambuliwa na mtu yeyote. Ilikuwa na jina zuri tu.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo wengi mnapoteleza. Marekani serikali haivipi vyuo ithibati moja kwa moja kama sisi tulivyozoea na TCU. Kazi hiyo hufanywa na mashirika ya ithibati, na mashirika hayo nayo lazima yatambuliwe na Wizara ya Elimu ya Marekani au na baraza linaloitwa CHEA. Wajanja wameliona pengo. Wanaanzisha chuo, kisha wanaanzisha na shirika la ithibati la kukisifu chuo chao. Kwa hiyo kuona neno "ithibati" kwenye tovuti hakutoshi. Uliza: ithibati ya nani, na huyo nani anatambuliwa na nani? Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Pakistani iitwayo Axact iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule zisizokuwepo. Niliposoma habari ile niliikuta sauti ile ya upole, punguzo la Ijumaa, na masomo ya uzoefu wa kazi. Mbinu ni zile zile popote zilipo.

Kisha ikaja Aprili 2017. Mnaikumbuka. Ripoti ya uhakiki wa vyeti ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma, watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu, si shahada, lakini ofisi zote zilikuwa zinatetemeka. Watu tuliokunywa nao chai asubuhi hawakurudi baada ya chakula cha mchana. Mimi vyeti vyangu vya sekondari vilikuwa safi. Nilichowaza ni karatasi ile yenye muhuri wa dhahabu iliyokuwa chini ya godoro. Ingekuwa ndani ya faili langu wakati ule, ningemweleza nani kwamba nilitapeliwa? Nani angetofautisha aliyeghushi na aliyeghushiwa? Nilikwenda masijala nikamwangukia yule mama magotini. Hakuniuliza chochote. Aliniinua.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia mpaka mchoke: ulinganishaji wa vyuo hauanzii kwenye tovuti ya chuo. Unaanzia kwenye faili lako la utumishi. Safu ya kwanza kwenye jedwali lako iwe hii: karatasi ya chuo hiki itaingia kwenye faili, au haitaingia? Kama haitaingia, ada, muda na uzuri wa picha za majengo havina kazi.

Na kuingia kwenye faili kuna milango mitatu. Wa kwanza ni huo wa TCU. Kwa chuo cha nje, waandikie TCU kabla hujalipa senti, usisubiri umalize. Wa pili ni muundo wa utumishi wa kada yako, yaani waraka unaoeleza madaraja na sifa za kupanda. Mwombe afisa utumishi akuonyeshe waraka wenyewe, usikubali kuambiwa kwa mdomo. Soma unasema nini kuhusu shahada ya uzamili na fani zipi zinazotajwa. Wako watumishi waliosoma masta nzuri, chuo kizuri, lakini fani haikutajwa kwenye muundo wao, wakabaki daraja lile lile. Wa tatu ni ruhusa ya mwajiri, kwa maandishi.

Huo wa tatu uliniumiza mara ya pili. Nilipoanza masta ya kweli mwaka 2019, mkubwa wangu wa wakati huo aliniambia, "Wewe soma tu, mtandao hauchukui muda wa ofisi." Nilimshukuru, nikaanza. Akahamishwa. Aliyekuja akauliza barua ya ruhusa iko wapi, na jina langu liko wapi kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Havikuwepo. Nilitumia karibu mwaka mzima kuandika barua za kueleza kitu ambacho barua moja ya mistari mitano ingekimaliza. Kuna aliyenibandika jina la "msomi wa bando". Hata hilo ninalo bado.

Sasa vyuo. Chuo nilichosoma mimi ni cha Uingereza, sikitaji, kwa sababu kilichonifaa mimi si lazima kikufae wewe. Nitasema ninachokijua nchi kwa nchi, maana nilipoteza miezi mingi kuvisoma.

Nyumbani kwanza, na nasisitiza kwanza. Tuna tabia ya kuruka cha karibu. Mzumbe ni jina ambalo ofisi zote za serikali za mitaa zinalijua. Mizizi yake ni shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo (IDM) mwaka 1972, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Masta yao ya utawala wa umma hakuna afisa utumishi atakayeuliza ni kitu gani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara inayobeba sayansi ya siasa na utawala wa umma pamoja, na Dodoma wapo. Swali lako kwao ni moja: darasa la mwaka huu ni la ana kwa ana, la jioni, au la mtandaoni? Usidhani, piga simu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa ajili ya watu kama sisi tusioweza kuacha kazi. Kina kituo hapa Kigoma na kingine Tabora, mitihani unafanyia mkoani kwako. Kwa vyuo hivi hakuna mlango wa tuzo ya nje, unalipa kwa shilingi, na msimamizi wako anaijua kata ni nini. Mwenye GPA ya 2.7 kwenda juu kwa kawaida anafikiriwa. Aliye chini ya hapo aulize njia ya stashahada ya uzamili kwanza.

India, chuo kinachotajwa sana kwa masomo ya masafa ni IGNOU, kilichoanzishwa 1985. Masta yao ya utawala wa umma ni ya miaka miwili, na unaruhusiwa kuivuta. Kilichonivutia nilipousoma mtaala ni mambo ya panchayat, mabaraza ya vijiji vya India yaliyopewa nguvu na marekebisho ya katiba ya mwaka 1992. Mtu wa Kigoma anayeijua serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji akisoma panchayat anaona sura za nyumbani. Nilikaribia kwenda huko.

Afrika Kusini kuna UNISA, wakongwe wa elimu ya masafa, wamekuwa wakifundisha kwa posta tangu 1946. Tofauti yetu nao ya saa ni moja tu. Lakini masta nyingi za Afrika Kusini ni za tasnifu tupu, hakuna madarasa, na mara nyingi wanadai uwe na mwaka wa nne wa heshima juu ya shahada ya miaka mitatu. Mwenzangu mmoja aligundua hilo baada ya kulipia maombi. Uliza hili mapema.

Uingereza, vyuo kama York na Birmingham vina masta ya utawala wa umma inayofundishwa mtandaoni yote. Ni krediti 180, na ada mara nyingi inavuka pauni 10,000. Wengi wanataka daraja la pili la juu. Mimi wa 3.1 nilipokelewa kwa uzoefu wa kazi, baada ya kuandika maelezo ya kurasa mbili niliyoyarudia mara tisa. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa masomo ya masafa, na Watanzania tunaruhusiwa kuomba. Niliomba, sikupata. Wewe omba, na uanze kuangalia tarehe mwaka mmoja kabla. Nilichokipenda ni malipo ya moduli kwa moduli. Ukikwama unasimama, deni halikui.

Marekani ndiko masta hii ilikozaliwa, Syracuse walianza kuifundisha mwaka 1924. Zipo za mtandaoni nyingi na nzuri, na zenye muhuri wa NASPAA, shirika la ithibati la masomo ya utawala wa umma, ndizo zilizokaguliwa kwa fani hii hasa. Lakini ada za baadhi ya vyuo vyao zinavuka dola 50,000. Na kama wana kipindi cha moja kwa moja saa 12 jioni kwa saa za New York, huku kwetu msimu wao wa baridi itakuwa saa 8 usiku. Fanya hesabu hiyo kabla ya kuvutiwa na jina.

Pia tazama kinachofundishwa. Masta ya sera za umma na masta ya utawala wa umma si kitu kimoja, ya kwanza inaegemea uchambuzi na takwimu, ya pili inaegemea uendeshaji: watu, bajeti, taasisi. Wa Marekani watakufundisha meneja wa jiji na bodi za shule. Waingereza watakupa mabaraza yao na huduma yao ya afya. Ni juu yako kulitafsiri somo. Mimi kila kazi niliyopewa niliileta nyumbani. Wakisema ugatuaji, niliandika kuhusu Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya na sera ya maboresho ya 1998. Mhadhiri mmoja aliniandikia kwamba nimemfundisha. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote cha kozi.

Kuhusu muda, msidanganyike na neno "nyumbufu" lililojaa kwenye matangazo. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi. Krediti 180 ni saa 1,800. Ukimaliza kwa miaka miwili ni saa 17 kila wiki bila kupumzika Krismasi wala Idi. Kwa miaka mitatu ni karibu saa 12. Nilichagua mitatu. Nina watoto wawili, kazi ya vijijini, na wakati ule umeme wetu wa Kigoma ulikuwa bado wa majenereta, gridi ya taifa haijafika. Ukikatika saa 2 usiku hujui utarudi lini. Vipindi vya Uingereza vilikuwa saa 3 usiku kwetu. Nilinunua betri ndogo, nikajifunza kupakua mihadhara yote Jumapili asubuhi kabla watu hawajaamka kuujaza mtandao, na kazi zote nikawa nazituma siku mbili kabla ya mwisho. Siku mbili, si saa mbili.

Miaka ile mitatu siisimulii yote. Ilikuwa kuamka, kusoma, kulala.

Nitasimulia tasnifu. Niliandika kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili, kama kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinavyotaka. Nilirudi kwa wale wale akina mama wa mawese. Nilikaa nao chini ya michikichi, nikawauliza kwa Kiha, nikatafsiri mwenyewe. Walinieleza kwamba mkopo ulikuwa unatoka wakati mawese yamejaa sokoni na bei imelala, marejesho yanaanza kabla bei haijaamka. Kikundi hakirejeshi kwa sababu ya kalenda, si kwa sababu ya uvivu. Ndiyo hoja niliyotaka kuitoa kwenye kikao kile cha 2014 nikaambiwa niwaachie wataalamu. Safari hii niliitoa kwa kurasa 70, na ikapata alama 71, ambayo kwa Waingereza ni daraja la juu kabisa. Naandika hili kwa fahari na sitaomba radhi kwa fahari hiyo.

TCU waliitambua tuzo yangu mwaka 2023. Barua niliipokea asubuhi, mchana ikawa masijala. Yule mama alishastaafu, aliyekuwepo ni kijana. Alitoboa matundu mawili, akaifunga kwenye faili, akaandika namba ya folio kwa wino mwekundu. Dakika mbili hazikufika. Nilitoa nakala nikaipeleka Ujiji nyumbani kwa mama yule. Aliivalia miwani, akaisoma mpaka namba ya kumbukumbu, akasema, "Hii sawa." Kile cheti cha muhuri wa dhahabu nilikichoma moto siku hiyo jioni, nyuma ya jiko. Mama yangu hajui mpaka leo kwamba alichokiombea sicho alichonacho ukutani.

Ndugu zangu, acheni haraka. Haraka ndiyo wanayoiuza wale wa miezi minane. Acheni aibu pia, aibu ndiyo iliyonifanya nisimuulize mtu yeyote mwaka 2014. Kumuuliza afisa utumishi si kujidhalilisha. Mwenye shahada moja inayotambulika ni tajiri kuliko mwenye mbili ambazo moja yake anailalia. Wala msilipe ada ya mwaka mzima kwa fedha za kigeni kwa mkopo wa shilingi bila kufikiri: mwaka 2022 dola ilikuwa kama shilingi 2,300, kufika katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600, na mshahara wako haukupanda kwa mwendo huo. Lipeni moduli moja, someni moduli moja. Na ithibati, nasema tena, ithibati ya nani? Faili lenu linasemaje?

Kijana wa Kakonko, narudi kwako. Kwenye jedwali lako, chuo cha pili kifute. Nimeitafuta mamlaka yao ya ithibati kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani na ya CHEA, haipo kote kuwili. Cha kwanza ni halali, lakini ada yake ni mshahara wako wa miaka mitano. Kiweke pembeni mpaka upate ufadhili. Cha tatu, cha hapa nyumbani, ndicho ulichokiandika mwisho na kwa herufi ndogo. Wapigie kesho uwaulize darasa la mwaka huu linaendeshwaje.

Leo asubuhi amenijibu kwamba amekwenda kwa afisa utumishi wake, na jina lake halimo kwenye mpango wa mafunzo. Ameshauriwa aandike barua ya maombi kupitia kwa mkuu wake wa kazi, ili aingizwe kwenye maandalizi ya bajeti ijayo. Aliniuliza kama anaweza kuituma kwa WhatsApp. Nimemwambia achapishe nakala mbili, azipeleke mwenyewe, zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Moja aiache masijala, nyingine arudi nayo nyumbani.